Kesi za Ploti na Mtihani wa Mdomo

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo natembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Ni siku niliyosimama mbele ya watahini, na kichwani mwangu hamna hata sentensi moja niliyoikariri. Naona unatabasamu. Ngoja kwanza. Mtihani wako wa mdomo unakaribia, na nimekusikia huko chumbani ukiimba maneno ya mwongozo kama kasuku wa kufugwa. Ndiyo maana nimekuita. Ziache hizo karatasi mlangoni uje uketi, hazitakimbia.

Ilikuwa mwanzo mwanzo wa miaka ya tisini, nami nilikuwa kidato cha pili. Tuliishi Kianda, kule Kibera, katika ploti yenye vyumba vilivyotazamana na uwanja mdogo katikati, na mama yangu aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, huko Laini Saba, kando ya reli. Shule yangu ilikuwa Kawangware. Niliondoka kwa miguu alfajiri, nikapitia Olympic, nikavuka Ngong Road, nikaipita Dagoretti Corner, mpaka nikafika kituo cha Kawangware 46 nikiwa nimeshaamka barabara. Usinihurumie. Ile njia ndiyo iliyokuwa chumba changu cha kusomea, na chumba chenye watu wengi hivyo hakikupi nafasi ya kusinzia.

Siku hizo fasihi ya Kiingereza lilikuwa somo la kuchagua. Vitabu vya shule yetu vilikuwa vichache, wanafunzi wengi, basi Mwalimu Barasa aliyetufundisha Kiingereza akatangaza uamuzi wake. Atakayetaka fasihi kidato cha tatu atafanya mtihani wa mdomo. Utaingia peke yako, upewe hadithi fupi ambayo hujawahi kuiona, uisome kimya, kisha uichambue kwa Kiingereza mbele ya watahini huku wakikuhoji. Atakayefaulu ataingia darasa la fasihi. Atakayeanguka atapelekwa somo la biashara, apende asipende.

Nami niliitaka fasihi, mwanangu, niliitaka mpaka nikawa nachoka kuitaka. Hebu fikiria. Chumba tulichoishi kilichaguliwa na baba kabla sijazaliwa. Shule alinichagulia mjomba. Nguo nilizovaa alikuwa amezichagua dada yangu mkubwa, akazivaa mpaka zikamchoka, kisha zikanifikia mimi. Fasihi ndicho kitu cha kwanza duniani nilichokichagua mwenyewe, na sasa watu watatu nyuma ya meza ndio wangeamua kama nitakipata.

Basi nikafanya kila walilofanya wenzangu. Kulikuwa na mwongozo ulioachwa na waliotutangulia, karatasi zilizonakiliwa mara nyingi hata maandishi yakawa yamefifia, nasi tukaukariri. Ndani yake mlikuwa na sentensi moja tuliyoipenda kuliko zote: hadithi hii inaonyesha mgongano wa mila na usasa. Ilifaa kila mahali. Ukipewa hadithi ya bibi harusi, ni mgongano wa mila na usasa. Ukipewa hadithi ya ng'ombe aliyepotea, ng'ombe naye ameingia katika mgongano huo huo, maskini, hata hana habari. Tuliitamka kwa Kiingereza kizito na tukajiona wasomi. Debe tupu haliachi kuvuma.

Sasa nikujulishe kwa Susu. Susu ni nyanya kwa Kikamba, na ploti nzima, Wajaluo, Waluhya na Wakamba, ilimwita hivyo. Alikuwa ametoka Machakos zamani, akafiwa na mumewe hapa mjini, akabaki katika chumba cha pembeni akisuka viondo, vile vikapu vya uzi. Mkali alikuwa, na mcheshi pia, na hukujua ni kipi kitakachotangulia. Yeye ndiye aliyesikiliza kesi za ploti yetu.

Kesi zetu zilikuwa na utaratibu wake. Jumapili alasiri, watu wakishatoka kanisani, mwenye ugomvi na jirani alitoa kigoda chake nje na kukaa. Hilo pekee lilikuwa shtaka tosha. Susu akikiona kigoda, alitoka na chake, na walio vyumbani wakamfuata. Kila upande ulisema bila kukatizwa. Halafu, kabla ya Susu kuamua lolote, mtu wa tatu alisimama kurudisha maneno. Kurudisha maneno ni kueleza ulichokisikia kwa huyu na kwa yule, bila kuongeza chumvi wala kupunguza pilipili, mpaka mwenyewe akubali, "Ndivyo nilivyosema." Akisema "Sivyo," unaanza upya. Hapakuwa na hukumu kabla ya maneno kurudishwa, hata kama jua lingetua juu yenu.

Jumapili moja, majuma machache kabla ya mtihani, aliyetoa kigoda alikuwa mama yangu.

Nguo zetu zilizokuwa kwenye kamba, pamoja na sare yangu ya shule, zilikuwa zimekutwa ndani ya mtaro zimelowa maji machafu. Mama alimshtaki Mama Brayo, jirani aliyepakana nasi. Mama Brayo akasema alizianua tu, akaziweka mlangoni petu salama, na zaidi ya hapo hajui. Watu waliguna. Nani angemwamini? Yeye na mama walikuwa hawasalimiani tangu dada yangu apate kazi ambayo binti yake aliikosa. Mimi ndiye niliyekuwa nyumbani siku hiyo, kwa hiyo nikaitwa kama shahidi.

"Adhiambo, wewe ulikuwa hapa," Susu aliniambia. "Simama, sema."

Nikasimama nimejaa. Nilijiona niko mbele ya watahini tayari. "Mama Brayo alichukua nguo zetu akazitupa kwa mtaro," nikasema. "Alifanya hivyo kwa sababu ya wivu. Ana wivu na sisi kutoka kitambo, kila mtu kwa hii ploti anajua."

"Kila mtu nitamwita baadaye. Saa hii nauliza wewe. Ulimwona akitupa?"

"Si zilipatikana kwa mtaro, Susu?"

"Sijauliza zilipatikana wapi. Ulimwona akitupa?"

"Hapana, sikumwona. Lakini lisemwalo lipo."

"Hata uwongo husemwa, we mtoto." Akaacha kusuka, kiondo akakiweka mapajani. "Haya, huo wivu. Neno gani limekuambia ana wivu? Alisema nini ukasikia?"

Nikatafuta neno, nikakosa. Nikatazama huku na huku nione kama kuna atakayenisaidia, lakini wote waliojua kuwa Mama Brayo ana wivu walikuwa wameinamisha vichwa.

"Sasa ona," Susu akasema. "Unasoma mpaka Kawangware. Kila asubuhi unapita hapa na kitabu kwa kwapa. Halafu unakuja kwa kesi ya mama yako mzazi na maneno ya kuazima? Nguo ya kuazima haisitiri matako. Keti chini. Ukikumbuka yale uliona wewe mwenyewe, utasimama tena."

Watu wakaangua kicheko. Niliketi uso ukiniwaka, na nakwambia kweli, wakati ule nilimchukia yule bibi. Lakini hasira ina kazi yake. Kwa kutaka kumwonyesha kwamba mimi si mjinga, nikafumba macho nikaanza kukumbuka. Nikajiona niko dirishani na karatasi za mwongozo. Ukaja moshi mzito kutoka ploti ya nyuma, kulikokuwa na watu wakichoma matairi wapate waya. Mama Brayo akatoka mbio akikohoa. Vitu vikarudi kimoja kimoja, vyote vilikuwemo tu kichwani, na mimi sikuwa nimewahi kuvigusa.

Nikasimama tena bila kuitwa.

"Kulikuwa na moshi," nikasema. "Moshi wa tairi. Mama Brayo alitoka, akaanua nguo haraka haraka, akaziweka kwa beseni. Akasema, 'Hizi nguo za wenyewe zitaniletea maneno.' Akaweka beseni kwa mlango yetu akarudi kwake. Halafu watoto wakapita wakifukuza mpira, na nikasikia kitu ikianguka. Sikutoka kuangalia. Nilikuwa nasoma."

Susu akauliza polepole, "Beseni la nani?"

"Lake."

"Mtu wa wivu analeta beseni yake?"

Mama Brayo alikuwa ameshika leso yake machoni, na mama yangu alimtazama kwa muda, kisha akacheka kicheko kile cha mtu aliyejikuta amekosea mbele za watu. "Nyasaye wangu," akamwita Mungu kwa Kijaluo. "Na beseni ya watu iko kwangu mpaka leo." Siku hiyo hiyo walikunywa chai pamoja, wakanisema vibaya mimi niliyeona yote nisiseme. Nilistahili.

Kesho yake, njiani kwenda shule, sikukariri chochote. Nilikuwa na jambo la kutafuna. Nilikuwa nimeshuhudia kisa kizima, mwanzo hadi mwisho, nikaacha nilichokiona kwa macho yangu, nikachukua kilichosemwa na wengine. Na je, si ndivyo nilivyokuwa nikijiandaa kuwafanyia watahini? Ningepewa hadithi mkononi, nisiitazame, nianze kuisemea maneno ya mwongozo. Hadithi ingebaki pale mezani kama Mama Brayo, imejitetea na hakuna aliyesikia. Hapo Dagoretti Corner nilisimama ghafla katikati ya watu hata mwanamke mmoja mwenye mzigo akanigonga na kunitukana vizuri.

Jioni nikaenda kwa Susu. Nikamwambia nataka niwe ninarudisha maneno kwenye kesi.

"Wewe?" akauliza. "Maneno ya watu wazima?"

"Nataka kujua kusikiza, Susu."

Alinitazama juu mpaka chini, akavuta uzi wa kiondo kwa meno. "Kesho kutwa utasema hata kupika hujui. Haya, Jumapili ukuje. Na ukuje na masikio, hiyo mdomo nimeiona."

Mara ya kwanza niliharibu. Baba mmoja alimlalamikia jirani yake kwa sababu ya redio, na katika kurudisha maneno yake nikasema kwamba anamwomba ndugu yake apunguze sauti kidogo ili watu wapumzike. "Sivyo!" akafoka. "Mimi sikuomba mtu!" Nilikuwa nimemwongezea adabu ambayo hakuwa nayo. Nikaanza upya. Polepole nikaanza kusikia vitu ambavyo awali vilinipita: ni neno gani mtu analirudia, ni wapi anaharakisha, ni kitu gani ambacho angepaswa kukisema na hakukisema. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, nami kila nilipodai jambo, Susu alikuwa na swali lake lile lile, "Neno gani limekuambia hivyo?" Nikawa na jibu. Na siku nisipokuwa na jibu, alinifundisha kusema, "Hilo sikulisikia," kisha nikanyamaza. Kunyamaza kulikuwa kugumu kuliko kusema. Bado ni kugumu, kama unavyoona.

Kule shuleni nilikuwa na rafiki, kijana aliyeitwa Mutuku, naye alitaka fasihi. Baba yake alitengeneza masanduku ya bati Kawangware 46, yale ya wanafunzi wa bweni. Nilipomwambia nimeuacha mwongozo, alishika kichwa.

"Manze Adhi, utaingia huko bila pointi? Hiyo ni kujimaliza."

"Pointi ziko kwa hadithi, Mutuku."

"Na ukizikosa?"

"Basi nitasema sijaziona."

"Sawa, mimi nitakuja kukupa pole."

Lakini hakuwa na ukaidi wa kweli. Tukaanza kukutana kwa baba yake baada ya shule. Mmoja anasoma hadithi fupi yoyote tuliyoipata, hata ya gazeti kuukuu, mwingine anamweka mhusika kizimbani. Huyu ni mchoyo. Neno gani limekuambia? Huyu anampenda mkewe. Umesikia wapi? Na nyundo zinapiga bati, pa! pa! pa!, mpaka mtu unalazimika kusema kwa sauti ya kanisani. Mzee wake hakuwa akituangalia, lakini mara nyundo ingesimama hewani aseme, "Wewe msichana, hiyo sababu sijaisikia! Sema tena!" Nami ningesema tena. Nakuhakikishia, mtu akiweza kufafanua hisia za mhusika katikati ya masanduku ya bati, chumba chenye watahini watatu walionyamaza ni likizo.

Siku ya mtihani ikafika. Tulipanga foleni nje ya chumba cha walimu tukiwa tumepauka midomo. Msichana aliyenitangulia alitoka anatembea kwa madaha. "Nimewapiga na ile ya mila na usasa," akatunong'oneza, "wakanyamaza kabisa." Mutuku akanitazama. Kwa nukta moja, mwanangu, niliutamani ule mwongozo kama mtu anavyotamani blanketi asubuhi ya Julai. Kama nilichojifunza uwanjani Kianda ni mchezo wa watu wazima tu, basi nilikuwa nimejitupa mwenyewe katika somo la biashara. Jina langu likaitwa.

Ndani walikuwa Mwalimu Barasa, naibu wa mwalimu mkuu, na mama mmoja mwenye miwani aliyetoka shule nyingine. Huyo wa miwani hakujibu salamu yangu kwa mdomo, alitikisa kichwa tu. Nikapewa ukurasa mmoja.

Hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Mzee anakuja mjini kumwona mwanawe. Mwana anamkalisha kwenye kiti kizuri kuliko vyote, anamwonyesha redio, mapazia na picha ukutani. Mzee anasema nyumba ni nzuri. Mwana anamuuliza basi la kurudi linaondoka saa ngapi, kisha anamwita mtumishi alete chai. Mzee anakunywa, kofia yake ikiwa mapajani muda wote, anasema tena nyumba ni nzuri. Anaaga. Kabla hajaufikia mlango, mwana anachukua kitambaa anapanguza kile kiti, kikombe kikiwa bado mezani. Nje, mzee akiwa ameipa nyumba mgongo, anasema kwa mara ya mwisho kwamba ni nyumba nzuri. Basi, imekwisha.

Niliisoma mara ya kwanza, nikausikia mwongozo wote unagonga mlango. Mzee wa kijijini! Mwana wa mjini! Redio! Mila na usasa, mezani, imepakuliwa. Nikaisoma tena, safari hii nikijiambia nitairudisha hadithi hii mbele ya mwenyewe, na asije akaniambia "Sivyo."

Yote yaliyofuata yalisemwa kwa Kiingereza, nami nakurudishia kwa Kiswahili.

"Hadithi hii inahusu nini?" aliuliza Mwalimu Barasa.

"Inamhusu mgeni ambaye hakukaribishwa," nikasema.

Kalamu ya mama wa miwani ilisimama. "Hakukaribishwa? Amepewa kiti kizuri kuliko vyote. Amepewa chai. Wenzako wote wametuambia huyu ni mzee asiyeielewa dunia mpya."

"Alipewa kiti, ndiyo. Lakini aliulizwa basi lake linaondoka saa ngapi kabla chai haijaitishwa. Mgeni akiulizwa saa ya kuondoka kabla ya kikombe, ameshajua amekaribishwa kiasi gani. Ndiyo maana kofia ilikaa mapajani. Hadithi haituambii hata mara moja kwamba mzee alishangazwa na redio. Inatuambia alishika kofia yake."

"Huenda mwana ni mtu wa shughuli nyingi tu."

"Ningekubali," nikasema, "kama asingepanguza kiti. Alikipanguza baba yake hajafika mlangoni. Na kikombe hakukigusa, hadithi inakitaja bado kiko mezani. Angekuwa anasafisha nyumba angeanza na kikombe. Yeye alianza na mahali alipoketi baba yake."

Naibu wa mwalimu mkuu akauchukua ule ukurasa, akautazama kana kwamba umebadilishwa mkononi mwake. Mimi hofu ilikuwa imenitoka. Najua tu kwamba sauti iliyokuwa ikijaa chumba kile ilikuwa yangu, na kwamba nilikuwa nafurahi, nafurahi sana, kama mtu anayecheza ngoma anayoijua.

Mama wa miwani akaegemea mbele. "Swali la mwisho. Je, yule mzee alimsamehe mwanawe?"

Hapo ndipo penyewe. Jibu zuri lilikuwa limeshanijia, tena tamu: wazazi husamehe, damu ni nzito kuliko maji. Ningelisema wangetikisa vichwa. Lakini nilipotafuta mahali nilipolisikia ndani ya hadithi, sikupaona.

"Hilo sikulisikia," nikasema.

"Unasemaje?"

"Hadithi haikuniambia, Mwalimu. Imenipa maneno yake ya mwisho, kwamba nyumba ni nzuri, na imeniambia aliyasema akiwa ameipa nyumba mgongo. Kwa hayo naweza kusema kwamba ziara ile imemuumiza, na kwamba hakutaka mwanawe auone uso wake. Lakini kusamehe sina neno lake. Nikisema alisamehe, nitakuwa nimemwazima mzee yule moyo wangu."

Wakatazamana. Nikaambiwa niende. Nilitoka nikamkuta Mutuku, naye akaniuliza kwa macho, nikainua mabega, maana sikujua kama nimejenga au nimebomoa.

Alasiri tulikusanywa uwanjani. Mwalimu Barasa alisimama akasema kwamba atataja majina ya darasa la fasihi, akianza na aliyefanya vizuri kuliko wote. "Adhiambo," akasema. Sikusonga. Mutuku alinisukuma mgongoni karibu nianguke. "Ni wewe, wewe!" Naye jina lake likaja baadaye, tukarukaruka pale kama watoto wa nasari, heshima ya kidato cha pili tukaisahau kabisa.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja Laini Saba kwa mama. Alikuwa amewainamia wateja, mikono ina magamba ya omena, nikapaza sauti kutoka upande wa pili wa reli, "Mama, nimeshinda! Nimepata fasihi!" Mama hakujua fasihi ni kitu gani hasa, mwanangu, na hakuuliza. Alirusha mikono juu akapiga kigelegele, wanawake wote wa mstari ule wakakipokea, wauza nyanya, wauza mitumba, mpaka watu waliokuwa wakipita relini wakasimama kuuliza ni harusi ya nani. "Ni mtoto wangu!" mama akawaambia. "Ni huyu wangu!" Wakanitia mikononi ndizi, machungwa, hata kitambaa cha kichwa. Mcheza kwao hutunzwa.

Jioni ploti ilikuwa imeshapata habari. Mama Brayo alikuwa amekaanga mandazi. Susu alikuwa ameketi akisuka, hata hakuinua uso.

"Nasikia umeshinda. Mwalimu alisema nini?"

"Alisema nimefanya poa kuliko wote."

"Neno gani alisema?"

Nikacheka, nikasimama wima katikati ya uwanja, nikamrudishia. Kwa maana kabla sijaondoka shuleni Mwalimu Barasa alikuwa ameniita kando na kuniambia, "Wengine walizungumza na sisi. Wewe ulizungumza na hadithi, sisi tukasikiliza."

Susu akakiweka kiondo chini. Macho yake yalikuwa yamelowa, na hakuyaficha. "Sema tena, wasikie wote," akasema. Nikasema tena, kwa sauti ya masanduku ya bati. Akainuka yule bibi, akafunga leso kiunoni, akacheza mbele yangu, mabega yakiruka kama ya msichana wa miaka yangu, na ploti nzima ikampigia makofi. Katika maisha yangu nimepewa vyeti na nimepeana mikono na wakubwa. Hakuna heshima iliyonifikia moyoni kama ile.

Nami niliendelea na fasihi, nikaisomea, nikaifundisha mpaka mvi zikaja. Na katika miaka yote hiyo nimesikiliza vijana wengi wakisimama kama utakavyosimama wewe. Wengi si wajinga. Wameona, ila hawaamini kwamba walichokiona wao kinafaa kusemwa mbele ya watu wenye miwani.

Sasa nasaha zangu ndizo hizi, mwanangu, uzichukue. Ukipewa hadithi, usiiseme kabla hujaisikia. Isome kama mtu anayejua ataulizwa na mwenyewe. Kila utakalodai, uwe na neno lake la kulionyesha kwa kidole, na ukikosa neno, kuwa na ujasiri wa kusema hukulisikia, maana huo nao ni ujuzi, tena ni wa wachache. Kariri ukipenda mashairi ya kukufurahisha, lakini usikariri maoni. Jizoeze kusema kwa sauti mahali penye kelele, mbele ya mtu atakayekubishia. Na yafanye hayo kwa watu pia, si kwa hadithi tu. Usimhukumu jirani kwa lisemwalo. Keti, msikilize, mrudishie maneno yake mpaka akubali. Ndoa nyingi zingepona, na hata nchi ingepumua.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zako nazijua, nimezisuka mwenyewe tangu utotoni.

Haya inuka, uende. Mungu akupe masikio yasiyochoka na moyo usioogopa meza ya mtu. Akukutanishe na watakaokuuliza maswali magumu kwa upendo. Na siku hiyo utakapofungua mdomo mbele yao, sauti itakayotoka iwe yako, wakuone, mwanangu, wakuone wewe.